Kijana wa Miaka Arobaini na Moja

Habari za kifo chake zilinikuta sokoni Nyakoe, nikibishana bei ya mkungu wa ndizi na mama mmoja ambaye hunishinda kila wiki. Alipokea simu, akasikiliza, akaketi juu ya gunia. "Yule kijana wa TV ameenda," akaniambia. "Yule mbaya, wa kuibia watu. Wanasema ni mapafu." Nikauliza kijana gani, si kwa kutojua, bali kwa kutamani awe mwingine. Kijana huyo alikuwa na miaka arobaini na moja, mke, watoto watatu, na mvi alizozinyoa kila asubuhi ya kazi. Mwili mdogo na uso uliokataa kuzeeka ndivyo vilivyomfunga ndani ya sare ya shule na jaketi la kofia kwenye tamthilia ya runinga, akicheza mwanafunzi mtukutu anayepora watu vichochoroni. Ijumaa jua likishuka alivua sare hiyo na kwenda zake nyumbani, kwa kuwa alikuwa Msabato, na jambazi wetu hakupora Sabato. Siku moja alikwenda kwenye mkutano wa wazazi katika shule ya mwanawe, mlinzi akamfokea langoni arudi darasani upesi. Kila alipoisimulia hadithi hiyo alicheka kabla ya kuifikisha mwisho.

Mimi nilimjua kwa njia ya aibu. Wasomaji wangu wa zamani watakumbuka makala niliyoandika katika safu hii kuhusu kuoza kwa vijana wetu. Wiki hiyo nilikuwa na hasira, na ninapokuwa na hasira siendi kuchunguza jambo, natazama runinga. Nikamtumia yule mhusika wake kama ushahidi. Nikaeleza, kwa Kiswahili changu kizuri cha siku za hasira, jinsi alivyoingia dukani na jinsi bibi mwenye duka alivyotetemeka, kisha nikauliza ni wazazi gani waliomlea mtoto yule. Jumapili iliyofuata mtoto mwenyewe alibisha hodi kwangu Kiogoro. Mke wangu alifungua mlango, akatazama, akaufunga, akanijia mbio. "Baba watoto, yule mwizi wa TV yuko kwa mlango. Na amesema Bwana asifiwe."

Mgeni alinisalimu kwa mikono miwili, akakataa chai, akapokea uji. "Mzee, sikukuja kugombana," akasema. "Nilitaka tuangalie hiyo kitu pamoja." Marudio ya tamthilia yalikuwa hewani alasiri hiyo, na kile kisa cha dukani kilipofika akachukua rimoti akazima sauti. "Bono," akaanza kwa Kigusii chetu, "sasa niambie, huyu mtu anafanya nini?" Nikatazama. Bila ile ngoma nzito, niliona mtu mfupi akiingia dukani, akiangalia rafu, akitia mkono mfukoni. "Ananunua mkate," nikajibu kwa unyonge. Akacheka hadi uji ukamwagika. "Si ndio! Na hiyo mkate ilikuwa ya jana." Akanieleza kwamba mwongozaji alilaza kamera karibu na sakafu ili mtu mfupi aonekane mrefu, akazima taa ya upande mmoja ili nusu ya uso ibaki gizani, na ngoma ikatiwa baadaye huko Nairobi na mtu ambaye hawakuwahi kuonana naye. Nikauliza kuhusu bibi, maana bibi ndiye aliyekuwa nguzo ya hoja yangu. "Yaya, hapana, mzee. Huyo mama walimchukua picha siku ingine, mimi sikuwa hapo. Alikuwa anaogopa mbwa ya jirani." Hivyo ndivyo nilivyowahukumu vijana wa nchi nzima kwa ushahidi wa mbwa.

Kisha akaacha kucheka. "Mimi nikimaliza kazi, navua hiyo jaketi naenda nyumbani. Lakini niko na kijana ya miaka kumi na sita. Yeye atavua nini? Akiingia supamaketi hapo Kisii, soja anamfuata mpaka kwa sabuni. Wamama wanashika mkoba. Si wewe ni mtu wa kuandika? Andika watu wamwangalie tu kama mtoto ya mtu."

Niliandika. Nilisema kwamba runinga yetu ina vijana wa aina mbili tu: mvulana wa jaketi la kofia anayevizia, na msichana anayetafuna chingamu huku akimjibu mamake bila kuinua macho kutoka kwenye simu. Sijamwona hata mmoja anayechuma chai kabla ya kwenda shule, anayetumwa posho mara tatu kwa sababu mashine ya kusaga unga haina umeme, au anayesinzia ibadani kwa sababu alikesha akisoma. Nikasema simlaumu mwongozaji kupita kiasi, kwani ana nusu saa tu ya kututisha kabla ya matangazo ya sabuni, lakini sisi tunaoishi na watoto hawa mwaka mzima tuna udhuru gani? Makala hiyo ilisifiwa, hasa na mimi. Niliikata, nikaibandika ukutani kando ya kalenda, na kwa majuma kadhaa nikatembea mjini kama mkombozi wa vijana.

Tulimzika kwao Magwagwa wiki iliyopita. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, gari likakwama barabarani, nami nikaanza kupanda peke yangu kati ya mashamba ya chai nikiwa na viatu vya mjini. Penye kona, kijana aliyevaa jaketi la kofia akatokea juu yangu. Alishuka kwa kasi, uso wake sikuuona, na alipokaribia akaninyooshea mkono. Sikungoja aseme neno. Nilitoa simu yangu, nikampa.

Akaitazama simu, akanitazama mimi. "Mzee, si simu. Nipe mkono, hapa kunateleza." Akairudisha simu ndani ya koti langu, akalifunga kifungo, akanishika kwapani na kuanza kunipandisha. Nikamuuliza yeye ni nani. "Mimi ni wa hapa. Marehemu ni babangu. Nimetumwa kuchukua wageni." Kila wiki huwa nawauzia wasomaji maneno lukuki. Hapo nikapata mawili tu. "Nisamehe, mwanangu."

"Hakuna shida, mzee," akasema, akitafuta mahali pa kuweka mguu wangu. "Nimezoea."

Alikuwa anaenda kumzika babake, na bado alipata nafasi ya kunifariji mimi. Nimelia msibani kwa sababu ya marehemu, ambaye nilimpenda, lakini neno hilo moja la mwanawe ndilo lililoniliza zaidi. Kumbe mtu anaweza kujua jambo, akaliandika vizuri, akalisifia, na mkono wake ukabaki bila habari. Ninalojifunza ni kwamba haitoshi kuwaambia wengine watazame upya. Kila siku ninapokutana na mtoto wa mtu njiani sina budi kuanza upya mimi mwenyewe. Hakuna mtoto wa miaka kumi na sita anayepaswa kuzoea kuogopwa. Huyu wa Magwagwa tumemzoesha sisi, na mimi nilikuwa mstari wa mbele, simu mkononi.