Kiti Kilichokwenda Kitui

Jumamosi ile uwanjani tulikuwepo mwalimu mkuu wa shule, wanariadha kumi na wawili kutoka ng'ambo na kocha wao, mkalimani, akina mama wawili wa jikoni, vijana watano wa Kitui wenye viti vya magurudumu, fundi mwenzangu na mimi. Kiti cha dada yangu pia kilikuwepo. Yeye hakuwepo.

Nchi yetu ilikuwa mwenyeji wa mashindano makubwa ya kimataifa ya wanamichezo wenye ulemavu. Timu moja ilikuja kwanza Kitui kuzoea joto, ikalala katika bweni la shule. Mimi nilipewa kazi ya kujenga miteremko ya simiti mahali penye ngazi. Shule niliiacha darasa la saba, wazazi walipofariki na wadogo zangu wakabaki mikononi mwangu, na vipimo vya mchoro vilinishinda. Nikaona njia rahisi ni kujaribu kila mteremko kwa kiti chenyewe.

Nilikichukua nyumbani, Nunguni.

"Kaka, nitatembelea nini?" dada aliuliza.

"Ijumaa jioni kitakuwa mlangoni."

Nilipokijaribu mara ya kwanza, mwenzangu alicheka. "Fundi umepanda cheo. Sasa una dereva au unajiendesha?"

Mwanariadha mmoja, mama mwenye mikono minene kama ya mhunzi, alikishika, akakigeuza, akasema neno.

"Anauliza kiti ni cha nani," mkalimani akasema.

"Ni cha kazi," nikajibu.

Alhamisi tukaambiwa kwamba Jumamosi wageni watakimbia na wenyeji wanaotumia viti, na watakaoshiriki watapelekwa Nairobi kuona ufunguzi. Nilimfikiria dada papo hapo. Jioni za siku ya soko yeye hushindana na mikokoteni pale barabarani, na huishinda. Lakini mwalimu mkuu aliomba nibaki na kiti ili miteremko ionyeshwe siku hiyo. Nikakubali. Hata simu sikupiga. Nilijiambia safari ni ndefu, atachoka.

Kabla ya mbio, mwalimu mkuu alikikalia akateremka nacho, watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Kisha wale vijana watano wakajipanga na wageni, na kiti cha dada kikabaki kando, kitupu.

Nilifika nyumbani Jumapili. Alikuwa ameketi kizingitini juu ya gunia, redio kando yake. Mbio zilikuwa zimetangazwa humo, kwa Kikamba.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua."

Alikipangusa kiti vumbi la simiti, gurudumu moja baada ya jingine. "Kiti umekirudisha, kaka. Na Jumamosi yangu?"

Wiki iliyofuata nilimjengea mteremko mlangoni. Huupita kila siku, na hunishukuru kama anavyomshukuru fundi yeyote. Ile Jumamosi bado ananidai.