Sahani Niliyoikalia Uwanjani Jinja

Jamani, mimi mpaka leo nikipita karibu na uwanja wa kriketi wa Jinja navuta kofia mpaka kwenye nyusi, kwa sababu wauza karanga wa pale hawajasahau, na akiniona mmoja tu utasikia wanaitana, Afande Sahani amekuja, ficheni vyombo. Najitia kucheka, lakini moyoni nasikia aibu mpya kabisa. Nawasimulia mwenyewe kwa sababu mkiisikia kwa wengine watawatilia chumvi, eti nililia. Sikulia. (Macho yalijaa maji kidogo, jua lilikuwa kali.)

Kwanza mnijue. Mimi ni askari magereza mstaafu, naishi Bugembe, nimezaliwa kambini, baba yangu Mnubi, Kiswahili nimekinyonya na maziwa ya mama. Nina mapenzi mawili ambayo majirani wanasema ni ya mtu aliyerogwa: nakusanya santuri kuukuu za jazi, muziki usio na maneno, na napenda kutazama kriketi, mchezo usio na mwisho. Santuri nazinunua popote, moja niliikuta Nakaloke imefunika mtungi wa maji, na yule mama alinitazama kwa huruma sana nilipomwomba aniuzie kifuniko chake. Sisi wa kambini santuri tulikuwa tukiiita sahani, sahani ya muziki, na neno hilo ndilo lililonimaliza, mtaona.

Nikiwa kijana nilipelekwa kazini Mbale, na huko Nabuyonga, karibu na nilipopanga, alikaa nesi mmoja, Nambozo, na kaka yake. Huyo kaka alikuwa na gramafoni na sahani moja ya saksafoni ambayo lebo yake ilikuwa imefutika kabisa, hatukujua aliyepiga ni nani wala wimbo unaitwaje. Jumamosi jioni tulikuwa tunaketi kibarazani tunaisikiliza, ikiisha kaka anarudisha sindano mwanzo, na mimi na Nambozo tunatazama miguu yetu. Nilikuwa na neno la kumwambia. Kila Jumamosi nasema, wacha wimbo uishe kwanza, nao ukiisha unaanza tena, mwisho nikahamishiwa kaskazini neno likiwa bado mdomoni. Yeye akaolewa, mimi nikaoa, watoto wakakua, mume wake na mke wangu wakatutangulia kaburini, kaka naye akafa, na miaka yote hiyo mimi napekua sahani za watu masokoni nikitafuta ile moja. Niwaambie ukweli, sikuwa naitafuta sahani peke yake. Nilikuwa namtamani Nambozo vilevile kama kibarazani, na mzee mzima kama mimi kutamani hivyo ni kazi, hakuna wa kumweleza.

Basi, mtoto wake wa mwisho, Ivan, anachezea timu moja ya kriketi ya Mbale, na siku moja Nambozo akanipigia simu (namba yangu aliipata kwa askari mwenzangu wa zamani, sikuuliza zaidi, nilikaa chini). Akasema Jumamosi timu inakuja Jinja, naye anakuja na akina mama wanaowapikia vijana.

"Nitabeba ile sahani, Afande," akasema. "Mpira ikiisha tunaenda kwako tunaisikia. Gramafoni ya kaka ilikufa zamani."

Wiki nzima sikulala sawasawa. Nilipiga deki hadi chini ya kitanda, nikatia sindano mpya kwenye gramafoni yangu, nikapanga viti viwili, nikavisogeza, nikaona nimevisogeza mno, nikavirudisha. Nilikuwa nimeamua. Safari hii sitasubiri wimbo uishe, saksafoni ikianza tu nitamwambia Sista Nambozo abaki Bugembe, na kama hataki Bugembe basi mimi nitamfuata Mbale, pensheni haichagui mji.

Alikuja. Amezeeka vizuri, kasauti kalekale. Tukaketi pamoja kwenye benchi refu la mbao, akina mama wa Mbale wamekaa pembeni na masufuria yao ya malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga, Mgisu hasafiri bila hayo. Ivan alikuwa uwanjani na gongo lake, anapiga mipira kila upande, siku yake ilikuwa nzuri. Nambozo akatoa sahani kwenye mkoba, imefungwa kwa kitenge, akaniwekea mapajani, akaniambia niiache ndani mpaka tufike nyumbani.

Hapo ndipo ningeitika tu. Lakini mkusanyaji wa sahani ni mgonjwa, haoni sahani ikapita bila kuikagua, na wasiwasi ukaniingia, je, kama imekwaruzika, sindano ikaruka katikati ya neno langu? Alipoinuka kuwasaidia wenzake kupakua chakula, nikafungua kitenge. Na sahani haikaguliwi gizani, lazima uilaze na kuiinamisha kwenye jua ili mikwaruzo ionekane. Nikaiinua, nikaigeuza hivi, nikaigeuza vile, sahani nyeusi imetunzwa inang'aa kama kiatu cha gwaride, na mimi moyoni nasema haina hata mkwaruzo mmoja, alhamdulillahi.

Nikasikia kelele uwanjani. Vijiti nyuma ya Ivan vimelala chini, yaani ametolewa, wa Jinja wanakumbatiana, na Ivan anakinga macho kwa mkono, ananyoosha gongo kuelekea kwetu, anasema kitu kimemmulika.

Mwamuzi, Msoga mmoja mrefu wa hapohapo Jinja, akaacha mchezo akaja kwenye benchi letu. Mikono yangu bila kuniuliza ikaiteremsha sahani, ikaitia chini ya makalio, nikaikalia.

"Nani hapa iko na kioo?" akauliza. "Muchezaji nasema kitu imemulika yeye."

Nami (msinicheke, nilitaka kusema kweli, ila ilitoka nusu) nikamjibu, "Kioo hakuna, bwana. Labda ni sahani."

Yule bwana hakuzaliwa kambini. Kwake sahani ni ya chakula tu, na pale pembeni akina mama wa Mbale walikuwa wanapakua malewa kwenye sahani za bati zinazowaka jua. Akawageukia. Akaamuru sahani zote zikusanywe na kufunikwa mpaka mchezo uishe, na Ivan aliyetolewa amekwisha kutolewa, hakuna kurudi. Mama mmoja akauliza sasa vijana wa watu wale malewa kwa kiganja? Mwingine akasema Jinja hawana adabu, wanamnyima mgeni hata sahani. Nambozo alikuwa ameshika sahani mbili, yake na yangu, na karanga juu. Akamwaga chakula kurudisha kwenye sufuria huku ananitazama, mapajani kwangu kitenge kiko wazi, hakina kitu. Alijua. Nikaona kabisa kwamba amejua, na bado nikanyamaza, kwa sababu nilifikiri nikinyamaza vizuri hadi mwisho wa mchezo bado tutafika Bugembe.

Akaja kuketi upande wa pili wa benchi, si karibu yangu. Mchezo ukaendelea. Mnajua kriketi, mrushaji akianza kukimbia na mpira watu wote wananyamaza, ni kimya ambacho mimi nakipenda kuliko chochote. Katika kimya hicho bwana mmoja mnene, muuza saruji, akachoka kusimama akajitupa kwenye benchi letu. Ubao ukabonyea, ukanirusha juu kidogo, nikarudi chini kwa uzito wangu wote wa pensheni.

Krak.

Uwanja mzima ulisikia. Mrushaji alisimama katikati ya mbio. Nikainuka, maana sasa kukaa kuna faida gani, na vipande vitatu vikabaki pale kwenye ubao. Mwamuzi akaja tena, akaviangalia, akaniangalia, na yule mama wa malewa akasema kwa sauti ya kufika barabarani, kumbe sahani ndiyo hii, tumenyang'anywa chakula kwa ajili ya makalio ya mzee. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Ivan hakucheka. Alisimama na gongo lake begani ananitazama mimi, kisha mama yake, kisha mimi tena.

Nambozo aliviokota vipande, akaviweka mapajani, akajaribu kuviunganisha kama vitashika. Mimi nilisimama mbele yake kama mfungwa anayesubiri kuitwa jina.

"Ungesema tu ni wewe," akaniambia polepole. "Ivan angekasirika, basi, inaisha. Tungeenda kwako tunasikiliza."

Nikamwambia viti nimeshapanga. Ndilo jibu nililokuwa nalo. Akafunga vipande kwenye kitenge, na mchezo ulipokwisha akapanda gari la timu na wenzake, akarudi Mbale. Mimi nikarudi Bugembe, nikakuta gramafoni imefunuliwa tayari, nikashindwa kuifunika.

Baada ya muda nilipiga simu kuomba radhi, akapokea, hata akacheka kidogo kuhusu muuza saruji. Tukaanza kuikumbuka ile saksafoni. Yeye anasema baada ya mwanzo inashuka, mimi nasema inapanda, akaimba kidogo kwa mdomo, nami nikaimba, hatukukubaliana, na sasa hakuna tena wa kutuamulia duniani. Kisha akaniuliza, "Afande, siku ile ulikuwa na neno. Nililiona. Ni neno gani?"

Jamani, mlango wazi kabisa. Mtu mzima, hana mke, ameulizwa. Nikamwambia nilitaka kumuuliza kama malewa yalikuwa na karanga za kutosha.

Akasema yalikuwa nazo. Tukaagana.

Sasa nawaapia mbele yenu: kriketi nitaitazama, jazi nitaisikiliza, lakini sahani ya mtu sitaikagua tena wakati mwenyewe yuko nami. Timu ya Jinja inakwenda kucheza Mbale Jumamosi. Nitakwenda nao. Nitaketi karibu naye, na nitalisema, mrushaji akiwa anakimbia na uwanja wote umenyamaza, hata kama Ivan atatolewa tena.