Fundi wa Studio Amefuta Nyota Zangu

Ngai! Leo nimefutiwa nyota. Zote!

Usiku tatu nimekaa kwa shamba ya shosho, nyanya yangu, huko Ngoliba nikipiga picha na darubini. Lile wingu jekundu la angani, mahali nyota huzaliwa.

Asubuhi nikaipeleka studio hapa Thika waniprintie. Nilikuwa nimeahidi shosho ataipata leo.

Narudi saa nane, naona wingu tupu. Safi kama shuka.

"Boss, nyota ziko wapi?"

Fundi akanitolea macho. "Nyota gani? Si hizo doti nyeupe zilikuwa vumbi? Nimezifuta moja moja tangu asubuhi!"

Halafu akanipiga bega. "Siku ingine panguza lenzi kwanza."

Wewe ungemjibu nini?

Mimi nilisema asante.