Jicho la Alcide Pellerin

Kwa miaka kumi na tisa nimewashonea wachezaji wa baleski hapa New Orleans, wale wanaopanda jukwaani na kuvua glavu moja kwa dakika tatu mpaka ukumbi mzima unasahau kupumua. Mimi nawavika, na Alcide Pellerin ndiye aliyekuwa akiwapiga picha. Si picha za kubandika mlangoni mwa kilabu. Aliwaketisha kando ya dirisha kama wachoraji wa zamani walivyowaketisha wake wa matajiri, akawaacha mpaka lile tabasamu la kazini lichoke na kudondoka lenyewe, ndipo abonyeze. Wanawake waliozoea kutazamwa walitoka pale wakiwa na macho mekundu, wakisema hawajawahi kuonekana namna ile.

Hofu ilimwingia Februari. Asubuhi moja aliona fremu ya mlango wa jikoni imepinda. Akaenda kuipapasa, akaikuta imenyooka kama siku zote. Akarudi kwenye kiti, akatazama, akaiona imepinda tena.

Daktari alimwambia katikati ya macho panakufa. Pembeni pangebaki, lakini katikati pangekwenda, la kulia kwanza, la kushoto likifuata. Alcide akashukuru, akatoka, akaketi kituoni, akaacha tramu nne zimpite.

Hakumwambia mtu. Mimi ninayeshirikiana naye ukuta nilikuja kuyajua baadaye, maana siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya Alcide ilikuwa yeye peke yake. Kila akiamka alikaa kwanza na macho yamefumbwa, akiogopa kuyafumbua akute kitu kingine kimetoweka. Akikutana na mtu barabarani aliona nywele, aliona kidevu, lakini uso wenyewe ulikuwa doa la kijivu. Alijifunza kututambua kwa sauti na kwa viatu. Nilipomsalimia bila kukohoa kwanza aliruka kama aliyeguswa na umeme, nami mjinga nikadhani ni kahawa imemzidi.

Aprili, Philomène, mmoja wa wachezaji wangu, alikuja kwa Alcide na picha yake mkononi, amefura.

"Alcide, mbona umenipiga kama mzuka? Uso mzima ukungu!"

"Ndio mtindo wa sasa, mpenzi."

"Mtindo wa nani? Wa marehemu?"

Tulicheka sote. Alcide naye alicheka, lakini niliona jasho likimtiririka shingoni, na feni ilikuwa juu ya kichwa chake.

Halafu akaja Bi Verna Toups. Alikuwa na miaka sabini na tisa. Ujanani alicheza na pepeo mbili za manyoya ya mbuni, na wazee wa mtaa wa Bywater wakilitaja jina lake hushusha sauti. Picha hata moja hakuwa nayo. Mwaka wa sabini na moja mumewe alizitia zote kwenye pipa nyuma ya nyumba, akazichoma, akasimama na fimbo akizikoroga zisibaki. Sasa mume alikuwa amekufa, na Jumapili binti yake angekuja kumchukua akaishi naye Ohio. Alitaka picha moja tu kabla hajaondoka. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Usiku huo nilimshonea gauni la hariri ya kijani, nikamtengenezea pepeo. Ijumaa saa nne asubuhi tukapanda ngazi tatu za studio ya Alcide, Bi Verna akipumzika kila ngazi na kulitukana joto la Juni. Alcide alitufungulia. Kamera yake ni ile kubwa ya mbao. Mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi na kutazama kwenye kioo cha nyuma, akiisogeza lenzi kwenye reli mpaka sura ikae wazi bila ukungu. Bi Verna akakaa dirishani, akafungua upepeo mmoja mbele ya kifua. Alcide akaingia kwenye kitambaa.

Hakutoka.

Ikapita dakika moja, zikapita mbili. Mkono wake ulisogeza lenzi mbele, ukairudisha, ukaisogeza tena.

"Wewe, umelala humo?" Bi Verna akauliza. "Mimi nazeeka huku nje!"

Sauti ikatoka ndani ya kitambaa, ndogo kama ya mtoto aliyepotea sokoni.

"Sioni."

"Huoni nini?"

"Sikuoni, Bi Verna. Uso wako haupo. Tangu Februari nyuso hazipo."

Bi Verna alishusha upepeo polepole.

"Wanaume elfu walilipa wanione, wengine wakauza saa zao," akasema. "Leo nimevaa, nimepakwa, nimepandishwa ngazi tatu na goti bovu, nakutana na kipofu!"

Alcide akatoka, nywele zimemlowa. "Nisamehe. Nilidhani nitabahatisha. Nimekuwa nikibahatisha."

"Ubahatishe na mimi?" Sasa sauti yake ilikuwa imebadilika, ukali umeondoka, na kilichobaki kilinitisha zaidi. "Nikifika Ohio nitakuwa bibi wa mtu tu, mwanangu. Wataniweka mbele ya televisheni. Mwenyewe nitaanza kudhani niliota."

Alisimama kuondoka. Alifika mpaka mlangoni, akashika kitasa, akabaki hapo. Nadhani alikuwa akifikiria lile pipa.

Mimi nilikuwa na futikamba shingoni kama kawaida yangu. Sikuwa na maarifa yoyote, niliuliza tu kwa woga, "Kaka Alcide, hiyo reli si ina alama za umbali?"

Akageuza kichwa kunitafuta. "Inazo. Nimezikwangua kwa kisu mwenyewe. Kwa kidole nazijua."

"Basi mimi nikipima?"

Bi Verna akarudi akakaa. Nikapima kutoka kwenye lenzi mpaka kwenye kope zake, futi sita na inchi nne, nikamsomea. Vidole vya Alcide vikatembea kwenye reli. "Usipumue," akamwambia Bi Verna, na yeye mwenyewe hakupumua. Tulikuwa na vipande kumi na viwili vya filamu tu. Bi Verna akicheka anasogea inchi moja, na inchi moja inatosha kuharibu kila kitu, nami nilipima upya kila mara.

Alizisafisha siku ileile. Katika chumba cha giza hakuhitaji macho. Kesho yake asubuhi akaniita, akanipa kioo cha kukuzia, akaketi ameshika magoti.

"Niambie wewe. Usinidanganye, Odette."

Ya kwanza ukungu. Ya pili na ya tatu ukungu. Nilipofika ya nane nilikuwa nimeshapanga uongo, na uongo wenyewe haukutoka. Ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja, zote ukungu. Niliogopa kuigeuza ile ya mwisho, nikaishika kifudifudi mpaka akaniuliza kwa nini nimenyamaza.

Nikaigeuza. "Kope," nikasema. "Naweza kuzihesabu."

"Za jicho lipi?"

"Za yote mawili."

Alilia bila sauti, kwa muda mrefu, nami sikujua ni furaha au ni kwa sababu yeye hataruhusiwa na macho yake kuiona. Sikuuliza.

Jumapili Bi Verna aliondoka na picha yake, kaifunga kwenye foronya, kaipakata njia nzima asimwachie binti yake aiguse. Siku hizi jicho la kushoto la Alcide nalo limekwenda katikati. Bado anapiga picha. Wachezaji wote wameambiwa ukweli, na nusu yao wameacha kuja. Hao wanaobaki mimi nawapimia. Hofu haijamwachia. Juzi Philomène alikuwa kitini, ametulia, kila kitu tayari, na Alcide akaniuliza kwa kunong'ona kama bado yuko pale mbele yetu.