Ganzi Niliyoificha Ndani ya Kanga

Nakumbuka asubuhi moja pale Lumemo, hapo hapo Ifakara, niliponusa harufu ya nyama inayoungua, nikageuka kutazama kwa jirani: nani anachoma nyama mapema hivi? Kumbe ni mimi. Nilikuwa nimeshika ukingo wa sufuria ya uji kwa mkono mtupu, na vidole vyangu vitatu vilikuwa vikiungua bila mimi kuwa na habari. Sikusikia maumivu hata kidogo. Nilisikia harufu tu.

Nivumilie nikisimulia polepole, mwanangu. Uzee umenichosha, na habari yenyewe ni ya uchovu mwanzo hadi mwisho.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami sijafika miaka thelathini. Mume wangu Anselmi alikuwa anakata miwa huko Kidatu, anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Mimi nilibaki Ifakara na watoto wawili na shamba la mpunga. Kwa zaidi ya mwaka nilikuwa nachoka kabla hata ya kuanza kazi. Wenzangu wakipandikiza mstari wa tatu, mimi bado nimeinama kwenye wa kwanza. Jua la bonde letu unalijua lilivyo, lakini mimi nilivaa sweta. Uso ulinivimba, watu wakasema nimenenepa, ndoa imenikubali. Sauti ikawa nzito kama ya mwanamume. Anselmi alikuja mwisho wa mwezi mmoja, akanitazama nilivyokaa, akasema, "Mke wangu, siku hizi umekuwa mvivu." Hata nguvu za kugomba sikuwa nazo.

Kisha ikaja ganzi. Ilianzia kwenye nyayo, ikaingia vidole vya mikono. Siku moja lapa lilinasa kwenye tope shambani, nikatembea mpaka nyumbani mguu mmoja peku, sijui.

Utauliza kwa nini sikwenda hospitali. Mwanangu, niliogopa jina la ugonjwa. Kwetu, mtu akisema mkono wake hausikii moto, wote wanafikiri kitu kimoja: ukoma. Na mimi nilikuwa namjua mtu wa ukoma kwa karibu. Nyuma ya ua wangu aliishi Mzee Blasi, aliyetibiwa akapona zamani, kabla sijazaliwa. Vidole vyake vilibaki vifupi, nusu nusu, lakini alisuka migono ya kuvulia samaki vizuri kuliko wenye vidole kumi. Akija kwangu kuomba maji, nilimpa katika kikombe chake peke yake, cha bati, nilichokitundika nje kwenye msumari. Aliambiwa na wauguzi kwamba haambukizi mtu, nasi sote tulijua hivyo, lakini kikombe kilibaki kwenye msumari. Naye alikunywa, akashukuru, akakitundika mwenyewe. Hujafa hujaumbika, wahenga walisema. Nilikuwa naisema methali hiyo bila kufikiri inanihusu.

Basi nikaficha. Mikono niliiweka ndani ya kanga. Kidonda cha sufuria nilikifunga kitambaa, nikasema nimejikata na mundu.

Wiki tatu hazijapita, nikamwogesha binti yangu Tekla, hajatimiza miaka miwili. Nilichanganya maji kwenye beseni, nikatia mkono kuyapima, nikaona ni vuguvugu. Nikamweka. Kilio kile, mwanangu, sitaki kukisimulia. Nilimnyanyua haraka, lakini miguu yake ilikuwa imeshaiva nyekundu mpaka magotini.

Mzee Blasi alisikia akapita katikati ya ua, hakubisha hodi. Alimchukua mtoto mikononi mwangu, akaanza kummiminia maji ya baridi ya mtungini, kata baada ya kata, kwa muda mrefu, mpaka kilio kikapungua. Mimi nilisimama tu. Kisha akanishika mkono, akakifungua kitambaa.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini, Mzee?"

"Usinizungushe. Mikono ya namna hii naijua kuliko wewe. Haisikii tangu lini?"

"Mwaka, na zaidi."

"Umemwambia nani?"

Nikauvuta mkono niufiche tena ndani ya kanga.

Akainua mkono wake mbele ya macho yangu. "Mimi nilificha miaka mitatu. Watu wanasema ugonjwa ndio uliokula vidole hivi. Hapana. Vililiwa na kuficha. Ningekwenda mapema ningekuwa navyo vyote. Na mimi nilijiunguza mwenyewe. Wewe umeficha, ameungua mtoto."

Nimekaripiwa na wazazi, na mume, na padri. Hakuna karipio lililonifika kama lile.

Alitupakia mimi na Tekla kwenye baiskeli, akaisukuma kwa miguu mpaka hospitali. Tekla akafungwa dawa. Tulipokaa kwenye benchi kumsubiri daktari, Mzee alitoa chupa ya maji na kikombe kimoja. Akanywa, akataka kukirudisha mfukoni. Nikanyoosha mkono. Akasita, akanitazama, akakijaza, nikanywa. Kuna msamaha usioombwa kwa maneno.

Daktari alinivua, akatafuta mabaka mwilini, hakuyaona. Akanigonga nyuma ya kifundo cha mguu kwa kinyundo cha mpira. Mguu ukaruka, kisha ukarudi taratibu kama mtu anayeamka usingizini. Akatikisa kichwa. Akaniuliza habari za baridi, za choo kigumu, za sauti. Damu yangu ikapelekwa Dar es Salaam, na majibu yalichukua wiki nyingi. Haukuwa ukoma. "Una tezi hapa shingoni," alisema, "ndiyo inayoupa mwili moto na kasi. Yako imelegea. Ikilegea, mwili mzima unapoa, na mishipa ya fahamu inaumia." Akanipa vidonge, kimoja kila asubuhi kabla ya chai, kwa maisha yangu yote.

Nilidhani nitapona wiki ile ile. Uchovu uliondoka kwanza, baada ya miezi kadhaa, na uso ukarudi. Ganzi haikuwa na haraka. Hapo ndipo Mzee Blasi alipokuwa mwalimu wangu. Alinifundisha kupima maji kwa kiwiko, maana kiwiko kilikuwa bado kinasikia. Alinifundisha kushika sufuria kwa kitambaa kinene, kuvaa viatu vya kufunika hata uani, kung'uta kiatu kabla ya kukivaa, na kila jioni jua likiwapo kukaa na kuzikagua nyayo, maana msumari ukiingia hauna wa kukuambia. "Ngozi yako imenyamaza," alikuwa akisema. "Macho yafanye kazi yake."

Na bado nikakosea tena. Msimu wa mavuno nilijiona mzima, nikahamia shambani, vidonge nikaviacha nyumbani. Nilisema, mzima anameza dawa ya nini? Baada ya miezi miwili nikarudi nyumbani, na Mzee alinisikia nikiita watoto, sauti imekuwa nzito tena. Hakugomba safari hii. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mama Tekla, nitakusukuma kwa baiskeli mara ngapi?" Niliona aibu, nikarudi kwenye vidonge. Sijaviacha tena.

Mikono ilirudi, karibu yote, baada ya mwaka na zaidi. Nyayo hazikurudi. Daktari alisema nilichelewa. Hata leo nakanyaga ardhi kama mtu aliyevaa soksi nene. Miguu ya Tekla ilipona ikaacha alama. Amekuwa mtu mzima, hanilaumu, lakini akivaa gauni fupi mimi naangalia pembeni. Mzee Blasi alitutoka kabla miaka ile ya tisini haijaisha. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha.

Basi sikiliza, mwanangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kabla ya kifo, kuficha huwaumiza walio karibu naye. Ukiona uchovu usio na kazi, baridi mchana wa jua, na ganzi inayopanda, usijipe jina la ugonjwa mwenyewe, na usiwaachie majirani wakupe. Nenda ukapimwe. Ukipewa kidonge cha kila siku, kimeze siku unayoumwa na siku unayojiona mzima, na urudi kupimwa damu unapoambiwa. Mishipa iliyoumia haiharakishwi. Ilinde huku ukiisubiri. Na yule uliyemtenga kwa ugonjwa wake, mkaribishe leo, kabla hujamhitaji.

Mungu akujalie mtu wa kukukaripia mapema, akupe na masikio ya kumsikia. Mikono yako ibaki na uhai wake, ijue moto na baridi, na watoto wako waoge salama mikononi mwako. Nenda, mwanangu. Mimi nimechoka, acha nipumzike.