Pombe ya Marsiana

Marsiana na mimi tulipata kipaimara siku moja, na sasa sote wawili ni wajane katika kijiji hiki cha nje kidogo ya Kizwite. Tofauti yetu ni vidole. Vyangu vimejikunja kwa uzee lakini vipo. Yeye mkono wa kulia umebaki na gumba na kipande cha kidole cha shahada.

Ugonjwa ulimwanza kwa baka begani, lisilowasha wala kuuma. Baadaye akawa anaepua chungu motoni kwa mikono mitupu huku anacheka, anasema mikono yake imekuwa sugu. Nyama inaungua, yeye hasikii. Na hapa kwetu, mahali ambapo watu wa mikoa mingine wanaogopa hata kushuka kwenye basi kwa sifa ya uchawi tuliyopewa, nani angefikiria zahanati? Walianza kumtafuta aliyemroga. Marehemu mume wake, Benjamini, alimzungusha kwa waganga mpaka zizi likabaki tupu, na wakati huo wote ukoma ulikuwa unakula mishipa ya fahamu taratibu. Alipofikishwa hospitali alipewa vidonge vya bure, akavimeza mwaka mzima, akapona. Wadudu walikufa wote. Vidole havikurudi, na watu wanaangalia vidole.

Kitu pekee alichoachiwa na Benjamini ni shamba. Huku Ufipa shamba la majani halilimwi na mtu mmoja. Mvua ikishalainisha ardhi, majani yanakatuliwa pamoja na udongo wake, yanafunikwa na kurundikwa matuta makubwa ya mviringo, intumba, ili yaoze ndani na kuwa mbolea. Ni kazi ya kuvunja mgongo, kwa hiyo mwenye shamba anapika pombe ya ulezi na kuita watu. Anayekunywa anashika jembe. Asiyetaka kuonja pombe yako, amekwishakujibu.

Mwaka huu ukoo ulikuwa umeamua: msimu ukipita shamba halina matuta, litakwenda kwa Tadei, mdogo wake Benjamini, mwenye watoto wengi na ardhi kidogo. Tadei si mtu mbaya. Alikuja kumwambia shemeji yake mwenyewe, kwa upole, akiwa amesimama nje ya ua.

Marsiana hakutishika, kwa sababu alikuwa na Bertila, jirani yetu auzaye maandazi. Kila msimu Marsiana aliloweka ulezi wake, akauotesha mpaka uchipue kimea, akausaga, akapika pombe kwa mikono yake. Mitungi ikahamishiwa kwa Bertila, Bertila akagawa, na kijiji kizima kikajua ni pombe ya Bertila anayemsaidia mjane. Siri hiyo tuliijua watatu. Nilikuwa nakaa pembeni nikiwatazama wakipangusa midomo na kumsifu Bertila kwa mkono wake mtamu, nacheka mpaka mbavu zinaniuma.

Halafu ikaja Siku ya Ukoma Duniani, Jumapili ya mwisho ya Januari, na safari hii wakubwa wakachagua kuiadhimisha kijijini kwetu. Baada ya misa tulikuta turubai na spika, na Marsiana amewekwa kiti cha mbele, amevaa kitenge kipya, Bertila kando yake. Aliyesimama kuzungumza ni Mathias, mhudumu wa afya kutoka mjini Sumbawanga, kijana mwenye moyo safi. Nalisema hilo kwanza ili nisije nikamtukana.

Alizungumza vizuri. Alisema zamani hata huko Ulaya waliamini ukoma ni laana au ni damu ya ukoo, mpaka mwaka 1873 daktari mmoja wa Norwei, Hansen, alipowaona wadudu wake kwa darubini. Ikachukua miaka mingi sana kupata dawa ya kweli, na hii tunayopewa sasa, ya kuchanganya vidonge, ilianza miaka ya themanini. Miili ya watu wengi, alisema, inawashinda wadudu hao bila dawa yoyote, na mgonjwa akishaanza kutibiwa, muda si mrefu hawezi kumwambukiza mtu. Tulipiga makofi. Marsiana alikuwa ameinua shingo, na mimi roho yangu ilijaa.

Kabla ya hapo Mathias alikuwa amemuuliza anaishije, naye akamweleza kila kitu, kwa fahari. Hakumwambia kwamba ni siri. Na Mathias, mtu wa mjini anayenunua pombe kilabuni, hakujua hapa kwetu pombe ndiyo inayolima. Akainua kibuyu cha pombe alichopewa na Marsiana, akanywa mbele yetu sote, akasema, "Hata ile pombe mliyokunywa msimu uliopita, mkalima lile shamba, ilipikwa kwa mikono hii hii. Nani kati yenu ameugua?"

Akasubiri makofi. Mwanaume mmoja karibu na nguzo ya turubai akageuka akatema mate. Wengine wote walikuwa wanamtazama Bertila.

Katikati ya wiki Bertila alikuja, akasimama mlangoni. "Dada, mimi nakuamini," alisema. "Lakini tangu Jumapili hakuna aliyenunua maandazi yangu, na nina watoto." Marsiana akamwambia aende tu, hana kinyongo. Kinyongo nilikuwa nacho mimi, na mpaka leo sijui nimpe nani.

Marsiana akapika hivyo hivyo, akapanga mitungi mlangoni kwake, akapita nyumba kwa nyumba akiita watu. Walimwitikia wote, kwa adabu. Siku ilipofika tulikaa mimi na yeye. Nilikunywa, lakini mgongo wangu hauwezi kuinua hata tuta moja, kwa hiyo kunywa kwangu hakukuwa na faida kwa mtu. Mathias alikuja na bodaboda na jembe la kuazima, akanywa, akaenda kulima peke yake. Kila tuta lake lilibomoka kabla hajafika kwenye linalofuata. Alirudi viganja vimechubuka, akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, kwani nilisema uongo?"

Nikamwambia hakusema uongo hata kidogo, na ndiyo taabu yenyewe.

Pombe ilichachuka, tukaimwaga, nguruwe wakala machicha. Wiki mbili hazikupita, Tadei akapika ya kwake, akaita watu kwenye shamba lile lile. Walikuja wanaume kwa wanawake, na vijana wakiimba. Jioni shamba lote lilikuwa limejaa matuta, mazuri, ya duara, kama Benjamini alivyokuwa anayataka. Marsiana aliyatazama kutoka mlangoni, akasema watu wamefanya kazi.

Tadei hakumsahau. Alimtuma Bertila na pombe, ndani ya kopo la rangi lililosuguliwa. Bertila aliliweka chini kwenye kizingiti, akarudi nyuma hatua chache.

"Shemeji yako anakusalimu," alisema. "Kopo usirudishe."

Marsiana alilibeba kwa viganja viwili, akanywa taratibu mpaka likaisha. Nilimuuliza ikoje.

"Nzuri," alisema. "Ila ulezi wao hawakuuotesha vya kutosha."