Jile Yenye Kunuka Ndagala

Niliifua mara mbili. Mara ya kwanza na sabuni ya kipande, mara ya pili na ile ya unga yenye kunukia maua, kisha nikaianika kwenye kamba ikakaa huko mpaka jua likazama. Nilijiona mama mwenye akili. Ninaliandika hili mbele ya yote ili atakayeisoma kaye hii, daftari langu, asifikiri kosa lilikuwa la muntu mwingine.

Jile ninayoisema ni ile ya rangi ya machungwa, ya kuvaa juu ya maji ili muntu asizame. Shemeji yangu, ambaye ni muvuvi, alituazima. Ilikuwa imelala miaka ndani ya mutumbwi wake pamoja na nyavu na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, na harufu yake ilitangulia kuingia nyumbani kabla yake.

Tuliiazima kwa ajili ya musichana wetu mudogo. Ana miaka tisa. Dokta mumoja alitupa jina la hali yake, otisme. Kwenye radio ya ng'ambo, ya Kigoma, nimesikia wanasema usonji. Mimi niliishia darasa la sita la primere, siwezi kujifanya nalieleza vizuri. Ninachokijua ni cha nyumbani: maneno yake ni machache, kiti kikihamishwa kidogo tu anajua, kelele zinamuuma kabisa kabisa, na nguo mupya mwilini mwake ni kama upupu.

Kwa sababu hiyo, vakanse zetu, yaani likizo, zilikuwa za kugawana. Bwana yangu akienda Moba kumuona mama yake, anamuchukua mutoto wetu mukubwa, mimi ninabaki na mudogo. Mwaka mwingine tunabadilisha, mimi ninaenda na mukubwa, yeye anabaki na mudogo. Bibi huyo alikuwa amemuona mudogo mara moja tu, akiwa angali anabebwa mugongoni. Mukubwa wetu ana miaka kumi na mitatu, na siku moja alituuliza mezani, bila hasira, "Kuna siku tutaenda wote wane?" Nafikiri mambo yote yalianzia hapo: tukaamua mwaka huu twende Moba wote, kwa boti.

Wiki tatu tulifanya mazoezi. Siku za kwanza jile ilikaa tu juu ya kiti chake. Siku ya nne aliikaribia, akaweka pua kwenye kola, akavuta pumzi kwa muda murefu, akafumba macho. Siku ya saba aliiweka mabegani wakati wa kula. Wiki ya tatu alikuwa anaivaa tangu anapoamka mpaka kuoga, na kuivua ilikuwa ndiyo shida. Bwana yangu aliangalia akasema, "Nyumbani si kwenye boti." Niliudhika, lakini alisema kweli.

Tukapatana hivi: kama siku yenyewe mudogo atakataa, mimi nitarudi naye nyumbani, na baba yake na mukubwa wataenda. Bwana yangu ndiye aliyeleta wazo hilo. Katika kaye nyingine niliandika kwamba alikuwa anatafuta njia ya kutuacha. Niliandika nikiwa na hasira. Nitalifuta, au labda nitaliacha na kuandika pembeni kwamba haikuwa hivyo.

Basi, siku ya mwisho kabla ya safari nikafikiria wale abiria wengine watakaokaa karibu nasi. Nikaona haya. Watoto wangu nilikuwa nimewasuka na kuwapigia pasi nguo, halafu mumoja anuke mutumbwi? Ndipo, alipoivua kuoga muchana, nikachukua sabuni.

Asubuhi bandarini kulikuwa na watu wengi, magunia, magodoro, mbuzi wawili. Bwana yangu na mukubwa walitangulia kuingia na mizigo ili washike nafasi. Mimi nilibaki chini na mudogo. Kapita wa boti, yule anayepanga watu na mizigo, alikuwa anasema na kila muntu neno moja: "Jile! Jile!" Nikaitoa ndani ya mufuko, nikamunyooshea mutoto wangu.

Aliweka pua kwenye kola. Kisha aliniangalia, na yeye haangalii watu mara nyingi. Kisha akaitupa chini akaanza kulia.

Kilio chake sitakieleza. Kila muntu aligeuka. Nilijaribu kuimba ule wimbo mufupi anaoupenda, nikajaribu kumuwekea jile mabegani tu, akajipiga kichwa na mikono yake. Kapita akaja.

"Mama, uyu mutoto iko mugonjwa?"

"Hapana, Papa. Njo vile alivyo."

"Sawa. Lakini bila jile hapana kuingia. Maji haijui kama ni mutoto ya nani."

Nilimuchukia dakika ile. Sasa ninaandika kwamba hakuwa na kosa hata kidogo. Kama angetuachia, leo ningekuwa na neno la kumulaumu kweli.

Karibu yetu alikuwa amekaa mama mumoja munene juu ya gunia la ndagala kavu. Alikuwa anazipeleka Moba, kisha juu mpaka Pepa, kwa wafuga ng'ombe wasio na samaki. Akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Angekuwa wangu, fimbo mbili tu, angeisha kuvaa zamani!" Mwanamuke mwingine akajibu kwamba fimbo haisaidii kitu, ile ni pepo, waite muntu wa kuomba.

Niliinua macho juu ya boti. Bwana yangu alikuwa amesimama na mizigo mikononi. Nilifikiri anaaga. Kumbe alikuwa anaishusha. Alimupa mukubwa begi moja, yeye akabeba mawili, na akaniita kutoka juu:

"Kama yeye haendi, hakuna anayeenda."

Nikamuona mukubwa wetu akifuata nyuma na begi lake, ameinamisha kichwa. Hakulia. Afazali angelia.

Wakati ninawaangalia, mukono wa mudogo ulinitoka. Niligeuka kwa hofu, maana maji yalikuwa hatua chache tu. Hakuwa amekimbilia majini. Alikuwa amepiga magoti kando ya yule mama, ameweka uso wake wote kwenye gunia la ndagala. Kilio kilikuwa kimekwisha. Mabega yake yalipanda na kushuka polepole, kama vile nyumbani.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifua.

"Mama," nikamwambia yule mama wa gunia, "nakuomba, uniazime harufu."

"Nikuazime nini?"

"Harufu ya ndagala. Niweke hii jile ndani ya gunia yako kidogo."

Akacheka mpaka gunia likacheka naye. "Jamani, mumesikia? Mimi minauza ndagala tangu usichana, njo mara ya kwanza muntu ananiomba harufu! Wengine banaikimbiaka!" Lakini mikono yake ilikuwa imeisha kufungua kamba. Alichukua jile, akaisukuma chini kabisa, akaifunika na ndagala, akakaa juu yake kwa uzito wake wote.

Kapita akapiga kelele kwamba magunia yanamalizika kupakiwa, boti inaondoka.

"Gunia yangu ingali hapa!" akamujibu. "Ama unataka kuondoka bila miye? Ninaikalia, kuja uniondoe."

Watu wakacheka. Kapita naye akacheka, nimuandikie na hilo. Akaenda kupanga magodoro ambayo yalikuwa yameisha kupangwa.

Sijui ilichukua muda gani. Jile ilipotoka ilikuwa na vichwa vya ndagala kwenye mikunjo yote. Mudogo aliweka pua kwenye kola. Akavuta pumzi. Akaingiza mukono mumoja, kisha wa pili, akasimama akingoja nimufunge, kama muntu aliyechelewa kazini kwa sababu ya wengine.

Yule mama wa fimbo mbili akamuangalia akasema polepole, "Eeh. Kumbe anajua anachokitaka." Kisha akanigeukia: "Mama, ile neno ya fimbo, usiliweke moyoni." Nilimwambia siliweki. Ninaliandika hapa, lakini pamoja na wema wa gunia lake.

Bwana yangu alipandisha mizigo tena. Alinitoa kichwa cha ndagala kwenye nywele.

Njia nzima mudogo alikaa kwenye ubao karibu na mashine, mahali ambapo nilidhani kelele zitamumaliza. Nilikosea hapo pia. Muungurumo ule haukatiki wala haubadiliki, na yeye aliweka shavu lake kwenye ubao utetemeke naye. Mpala, katikati ya njia, tulisimama, watu wakashuka na mitumbwi, mashine ikanyamaza, akaanza kuhangaika. Ikawaka, akatulia. Mukubwa alilala begani mwa baba yake. Mimi niliwahesabu mara nyingi, wane, wane, kama vile mumoja angeweza kupungua.

Moba, bibi alikuwa pwani. Mudogo hakumusalimia, hakumupa mukono. Alipita mbele yake, akasimama. Bibi naye hakumushika; bwana yangu alikuwa amemweleza kwa simu. Aliinama tu, akanusa.

"Yesu! Munaniletea mutoto ya bantu ananuka ndagala?" Akaita ndani ya kiwanja chake, kilicho pale pale pwani, waweke maji ya moto kwenye beseni, jile ifuliwe kabla ya chakula.

"Mama," nikasema, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "tafazali. Ile isifuliwe. Tunarudi nayo."